Mradi wa NIDA ya ma'mkubwa: makaratasi kwanza, fomu baadae

Jumatatu jioni

Mwenye mradi ni ma'mkubwa, mimi ni mbeba bahasha tu. Kilichotuamsha ni kikundi chao cha kina mama wakaanga samaki wa huku Mbagala, wameamua kuomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, hauna riba ndo maana kila kikundi kinaukimbilia. Sasa kwenye orodha ya wanachama kila jina linatakiwa liwe na namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, pembeni, wenzake wote wanazo yeye hana, na katibu wao ameshamwambia kwa ule upole wa kina mama wenye mwiba ndani, shoga yangu sie tunakusubiri wewe tu.

Najua kuna mtu atashangaa, mtu mzima ana hamsini na kitu, yuko Dar toka enzi za Mwinyi, inakuwaje hana NIDA? Mbona wapo kibao. Mimi nina kisteshenari changu huku Charambe, kopi, kuprinti, paspoti saizi, na watu wa namna hiyo nawaona kila siku wanakuja na mfuko umejaa makaratasi hawajui waanze na lipi. Vitambulisho vya kwanza vimeanza kugawiwa 2013, ma'mkubwa wakati wenzake wanajiandikisha mtaani alikuwa anauguza mume. Ikaja 2019 ile ya kusajili laini kwa alama za vidole, watu wanakanyagana kwenye foleni mpaka serikali ikasogeza tarehe ikafika Januari 2020, yeye akaona isiwe tabu, kijana wake kaka Zuberi akamsajilia laini kwa namba yake yeye Zuberi na maisha yakaendelea. Sasa hivi Zuberi yuko Mtwara na kila laini ikigoma kitu lazima apigiwe yeye kwanza.

Kazi ya leo ilikuwa moja tu, nimemwambia ma'mkubwa alete kila karatasi aliyonayo, asichague, alete yote. Kaja na mkoba wa marehemu baba mkubwa, tukamwaga mezani baada ya kufunga duka. Risiti ya friji ambayo friji yenyewe ilishakufa. Kadi za kliniki za watoto wote. Cheti cha kifo cha mume. Hati ya ndoa ya 1988 imeandikwa Mwajuma binti Saidi, umri miaka 19, wilaya ya Rufiji. Cheti cha darasa la saba cha 1983 kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo inaanza kuachia, jina Mwajuma Said Mkumba, muhuri wa shule wa zambarau bado unasomeka. Kadi ya mpiga kura, Mwajuma Saidi Mkumba, kuzaliwa 01/01/1972.

Cheti cha kuzaliwa hamna. "Mie nimezaliwa nyumbani baba, hospitali ntaijulia wapi," ndo jibu lake.

Jumanne

Leo sijagusa fomu kabisa na nafanya makusudi. Watu wengi wakija dukani wanaanza na fomu, unamkuta ameshaijaza kwa peni halafu ndo anatafuta viambatanisho vifanane na alichojaza, ni kurudi nyuma huko. Mimi naona kazi yote iko kwenye kuamua jina gani na tarehe gani, ukishaamua kila karatasi unaiuliza swali moja, wewe unakubaliana na hili au hukubaliani, na kama hukubaliani nani atakutetea.

Tarehe hasa. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Yani ukitaja tarehe ya kubahatisha haikai kwenye faili tu, inaingia ndani ya namba yenyewe, halafu namba hiyo ndo utasajilia laini, utafungulia akaunti, utachukulia TIN, ukitaka pasipoti ndo hiyohiyo. Nimeshaprinti barua nyingi sana za watu wanaoomba kurekebishiwa taarifa, na karibu zote chanzo ni siku ile ya kwanza mtu alisema "weka yoyote".

Nikamuuliza hii tarehe moja mwezi wa kwanza sabini na mbili kaitoa wapi. Akasema yule kijana aliyekuwa anaandikisha kura alimuuliza, akamjibu sijui, kijana akasema basi mama tuweke hii. Ukitembea mtaani kwetu ukakusanya watu wazima wote waliozaliwa tarehe moja Januari unapata timu mbili za mpira na wa akiba.

Jirani yangu fundi simu akasema si mfuate tu kadi ya kura, picha ipo, jina lipo, mnajitafutia kazi. Kwa haraka ana pointi. Lakini chukua kalamu upige hesabu. Kama kazaliwa 1972 basi kamaliza la saba 1983 akiwa na miaka kumi na moja, maana yake kaanza la kwanza 1977 akiwa na mitano tu! Na kaolewa na kumi na sita wakati hati inasema kumi na tisa. Makaratasi yake yenyewe yanamkana, na yule afisa atakayeyapanga mezani anajua kutoa na kujumlisha. Ila ukiweka 1969 kila kitu kinakaa, ndoa ina kumi na tisa, na la kwanza kaanza 1977, mwaka ule wa elimu ya msingi kwa wote ambapo watoto waliingizwa shule nchi nzima, umri miaka saba nane hivi.

Kwaiyo mwaka tunao. Bado siku na mwezi.

Jumatano usiku

Nimempigia mjomba aliyeko Kibiti. Mjomba ni kaka yao mkubwa, mama yangu na ma'mkubwa wote wamemkuta duniani, na ana kumbukumbu kuliko sisi wenye simu janja. Salamu peke yake zilimaliza dakika za kifurushi.

Kumuuliza tu dada yako kazaliwa lini akaanza na mto. Rufiji ilifurika vibaya 1968, watu walikuwa wanaishi bondeni karibu na mashamba yao ya mpunga, baada ya hapo serikali ikawahamishia juu kwenye vijiji vipya, Operesheni Rufiji, hiyo ilitangulia miaka kadhaa kabla ya ile Operesheni Vijiji ya nchi nzima. Mjomba anasema Mwajuma kazaliwa wameshapanda juu, nyumba ya makuti haijaisha kuezekwa, mama yao analala na mtoto upande mmoja ambao hauvuji. Halafu akatulia akasema, "Lakini si mzee aliandika? Mzee alikuwa anatuandika wote."

Babu alikuwa na kitabu, kwenye kurasa za mwisho ameandika kila mtoto aliyezaliwa. Nikamwambia mjomba kapige picha uombe mtu anitumie wasap, yeye ana kitochi. Akakataa katakata. Nikamwambia basi kipe kondakta, magari ya kusini yote si yanashushia Rangi Tatu. Akakasirika kabisa, kitabu cha mzee hakipandi gari na kondakta. Atakuja nacho mwenyewe. Kimoyomoyo nikashukuru, maana na yeye mwenyewe tunamhitaji kwa kiapo.

Alhamisi

Nimeulizwa na mama yangu mzazi kwanini tusimkatie tu cheti cha kuzaliwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, mambo yaishe. Nimelifikiria. RITA wanasajili hata mtu mzima, maombi unaanzia mtandaoni kwenye mfumo wa eRITA, lakini kizazi cha zamani hivi kinataka ushahidi wake na msajili ni wa wilaya uliyozaliwa, na hapo ndo kuna kona nyingine maana ma'mkubwa kazaliwa Rufiji ila kile kijiji sasa hivi kiko wilaya ya Kibiti, Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji. Tutafanya, ila sio kwa ajili ya mkopo huu. NIDA cheti cha kuzaliwa ndo cha kwanza wanachokiulizia ila sio peke yake, wanaangalia vyeti vya shule, kadi ya kura, leseni, pasipoti, kadi ya bima, na kwa wazee wa zamani ambao cheti hawana viapo vinasaidia.

Ila kama wewe ni kijana unasoma hapa una miaka kumi na nane kumi na tisa usijifananishe na ma'mkubwa, nenda kakate cheti cha kuzaliwa kwanza. Chuo watakiuliza, mkopo wa elimu ya juu watataka kihakikiwe, na kwa umri wako hakuna afisa atakayekuonea huruma ya mafuriko.

Ijumaa baada ya swala

Serikali ya mtaa, hii imekwenda vizuri. Tumeanzia kwa mjumbe kama desturi, ni mzee wa siku nyingi, nyumba ya tatu kutoka kwa ma'mkubwa, wamezikana na kuozeshana watoto. Kachukua karatasi, kavaa miwani, kaandika namtambua ndugu, halafu kanyanyua kichwa, "Eti Mama Zuberi, jina lako nani?" Wote tukacheka mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Miaka yote ile yeye ni Mama Zuberi tu.

Nikamwandikia kwenye kikaratasi cha pembeni herufi kubwa, MWAJUMA SAIDI MKUMBA, Saidi yenye i mwishoni. Hicho kikaratasi nakitembeza kila ofisi tunayoingia sasa, simtajii mtu jina kwa mdomo, nampa anakili. Kwa mtendaji wamegonga muhuri kwenye barua na kwenye picha, muhuri umekaa nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi kama inavyotakiwa. Angalia hilo kabla hujatoka mlangoni.

Jumapili

Mjomba kaingia Rangi Tatu mchana, kofia, koti, kiroba cha maembe na nazi, na kitabu amekifunga kwenye kanga halafu kwenye mfuko halafu ndani ya koti. Hajakaa akaomba maji ya kunawa mikono ndo akakifungua.

Sijui nilikuwa nategemea nini, ila sio kile. Karatasi imekuwa rangi ya chai, wino umekolea sehemu na sehemu umefifia, maandishi ya kiarabu lakini lugha Kiswahili, watu wa zamani wa pwani waliandika hivo. Mimi siwezi kusoma hata mstari. Mjomba akaweka kidole chini ya kila neno akawa anasoma taratibu, anarudia. Mwanangu Mwajuma kazaliwa Ijumaa alfajiri, mwezi 12 wa mlisho, mwaka 1389. Juu yake yupo mjomba mwenyewe, chini yake mama yangu, na katikati kuna mstari mmoja wa mtoto ambaye hakuishi, mjomba aliupita bila kuusoma kwa sauti na ma'mkubwa hakuuliza.

Sasa mlisho ndo Shaabani, mwezi kabla ya Ramadhani. Nikaingia mtandaoni kwenye zile programu za kubadilisha tarehe za hijria kwenda za kizungu. Ya kwanza ikanipa 23 Oktoba 1969. Ya pili ikanipa 24. Hiyo ni kawaida kwa sababu mwezi ni wa kuandama, hesabu za kompyuta na macho ya watu wa Rufiji vinaweza kupishana siku, na hapo ningeweza kusema chukua yoyote. Lakini babu kaandika Ijumaa. Nikafungua kalenda ya 1969, tarehe 23 ni Alhamisi, tarehe 24 ni Ijumaa. Basi imekwisha, 24 Oktoba 1969. Nilivyowaambia kwamba Ijumaa ndo imetuamulia, mjomba akanitazama kwa ile dharau ya mjomba kwa mpwa, "Kwani wewe ulifikiri anaitwa Mwajuma bure?"

Ma'mkubwa akabaki anaitaja ile tarehe kimyakimya kama anajifunza namba ya simu. Halafu akauliza kwahiyo mimi ni mkubwa kuliko mama fulani wa kwenye kikundi? Nikamwambia kama yeye ni wa sabini basi ndio. Hilo nadhani limemfurahisha kuliko mkopo.

Jumatatu

Viapo. Nimevichapa mwenyewe dukani ila maneno ni ya wakili, nampelekea anasahihisha narudi naprinti tena. Viko viwili na usivichanganye. Cha kwanza ni cha mjomba, anaapa kama kaka mkubwa kwamba anamfahamu, kazaliwa tarehe fulani, kijiji fulani, wazazi fulani, na kwamba wakati ule ilikuwa wilaya ya Rufiji na sasa ni Kibiti. Cha pili ni cha ma'mkubwa mwenyewe, kwamba Mwajuma Saidi Mkumba, Mwajuma Said Mkumba na Mwajuma binti Saidi ni mtu mmoja ambaye ni yeye, na kwamba tarehe iliyo kwenye kadi ya kura sio sahihi.

Kuna watu wanakuja wanaomba niwachapie "dipoli" kwa kesi kama hii. Hapana. Dipoli ni hati ya mtu anayebadili jina, kwamba nilikuwa fulani kuanzia leo niitwe fulani, na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ma'mkubwa habadili chochote, jina lake ni lilelile ila kila mwandishi kaandika kwa sikio lake, hapo kiapo kinatosha.

Wakili akataka mjomba asome kabla ya kusaini. Mjomba akasoma yote mawili, neno kwa neno, na la dada yake pia ambalo halimhusu, akasahihisha tahajia ya kijiji. Mimi na wakili tukaangaliana. Nikarudi kuprinti.

Jambo la makaratasi yenyewe sasa maana hii ndo fani yangu. Kile cheti cha la saba kilichokuwa kinaachia kwenye mikunjo, fundi simu akasema kipige laminesheni. Usithubutu. Ukishakipaka plastiki ya moto muhuri haushikiki, karatasi haikaguliki, na ofisi nyingine watakwambia hii hatuitambui, halafu kuibandua huwezi bila kuichana. Nimekinyoosha chini ya vitabu vizito usiku mzima, nikakiskani kwa ubora wa juu, nikakiweka kwenye ile plastiki ya A4 ya faili ambayo unaingiza na kutoa. Kopi nimetoa za kutosha na moja moja zimegongwa muhuri wa wakili kwamba ni nakala halisi.

Mjomba karudi Kibiti na kitabu chake. Kakubali nikipige picha ukurasa mmoja tu, ule wenye Mwajuma.

Jumatano

Fomu. Imechukua muda mfupi kuliko kitu chochote mpaka sasa na ndo ilivyotakiwa. Unaweza kuijaza mtandaoni ukaprinti, nimefanya hivo kwa sababu kwa kuchapa herufi inaonekana, haibishaniwi kama ni a au o. Jina la kwanza, la kati, la mwisho, majina mengine. Baba, mama, walizaliwa wapi. Wazazi wote ni marehemu na hawakuwahi kuwa na NIDA kwaiyo tumeambatanisha nakala ya NIDA ya mjomba kama ndugu wa damu. Mahali pa kuzaliwa tumeweka Pwani, Kibiti, na kiapo kinaeleza Rufiji inatoka wapi.

Imerudi kwa mtendaji kugongwa muhuri. Bahasha nimeipanga hivi, fomu juu, barua ya mtaa, viapo, cheti cha la saba, hati ya ndoa, kadi ya kura, nakala ya NIDA ya mjomba mwisho. Orijino zote kwenye bahasha nyingine anashika ma'mkubwa mwenyewe, nimemwambia hizo usimwachie mtu, waangalie wakurudishie palepale.

Alhamisi

Tumetoka asubuhi na mapema, yeye kavaa baibui na mtandio wa kijani iliyokolea, watu walishamwambia nguo nyeupe kwenye ile picha haifai. Mimi nimefunga duka.

Kuna dawati la Uhamiaji, hao kazi yao ni kujiridhisha kwamba wewe ni raia, kwa sababu NIDA inasajili wageni wakaazi na wakimbizi pia na kila kundi lina kitambulisho chake. Watu wanaogopa sana hapo, sijui kwanini, labda sare. Afisa alikuwa mama mmoja mtu mzima, kachambua bahasha karatasi moja moja, kafika kwenye kadi ya kura kasimama, kaangalia fomu, kaangalia kadi. Nikajikaza nisiongee maana swali sio langu. Ma'mkubwa akamsogezea kile kiapo kwa kidole. Akakisoma. Akauliza babu mzaa baba anaitwa nani, bibi mzaa mama anaitwa nani, kabila gani, ukitoka Kibiti mjini kwenda kwenu unapita wapi. Mndengereko, akamwambia. Afisa akauliza, na Kindengereko unakijua? Basi aliulizwa mwenyewe! Ikatoka hapo sijui ni hadithi sijui ni matusi, mimi naambulia neno moja moja tu, mzee mmoja kwenye benchi nyuma yetu akaanza kucheka peke yake na akamjibu kutoka hukohuko. Yule afisa akacheka na yeye, akasaini.

Kilichotusumbua ni vidole. Sikukifikiria hiki kabisa na nimeona nikiandike kwa urefu kwa sababu ya kina mama wenye kazi kama yake. Ma'mkubwa amekaanga samaki na mihogo miaka mingi sana, anamenya, anaparua magamba, anageuza kwenye mafuta ya moto, jioni anasugua makarai kwa majivu. Vidole vyake ukivishika ni laini kabisa kwenye ncha, ile michirizi imelika. Kaweka vinne vya kulia kwenye kile kioo, taa ya kijani inawaka, mashine inakataa. Tena. Inakataa. Kijana wa mashine hakumharakisha, kampa kitambaa chenye unyevunyevu afute, akamwambia mama usikandamize sana ukikandamiza unaifinya, weka kama unamgusa mtoto usingizini. Kidole cha shahada cha kulia ndo kilikuwa kigumu zaidi, ndo kinachoshika kisu. Akamshikia mkono mwenyewe, akageuza kidogo pembeni, mashine ikalia. Mkono wa kushoto ukapita wote mara moja.

Kwaiyo kama mama yako anauza samaki, anafua nguo za watu, anaponda kokoto, basi siku kadhaa kabla ya kwenda apumzishe mikono na apakae mafuta ya mgando usiku. Mtu mmoja kwenye foleni ndo kaniambia hivo, na wa nyuma yake ambaye ni fundi wa tofali akaangalia mikono yake mwenyewe akasema mbona hawaandiki hilo kwenye tangazo.

Picha, saini kwenye kile kibao cha umeme, karatasi ya kuthibitisha taarifa. Hapo nikamwambia ma'mkubwa usisaini mpaka tuisome yote, tukatoa kikaratasi changu tukalinganisha herufi kwa herufi. Saidi ina i. Tarehe 24 Oktoba 1969. Haya saini.

Katikati

Hakuna cha maana cha kuandika, ni kusubiri na kuangalia kama namba imetoka kwa *152*00# kila baada ya siku kadhaa. Ila kuna mtu kampigia ma'mkubwa, anajua kabisa kwamba ameomba, anasema namba yako imekwama mama tuma elfu thelathini niisukume. Kishoka huyo. Kusajiliwa mara ya kwanza ni bure, hela utaulizwa ukipoteza kadi. Ma'mkubwa akamwambia subiri nimpe mwanangu mwenye steshenari uongee naye, mtu akakata.

Jumanne

Namba imetoka! Inaanza na 19691024 kama tulivyotaka. Kadi yenyewe bado, hiyo itafuata, ila kwa kikundi na kwa laini namba inatosha.

Mchana tukaenda kwenye laini. Kuihamisha ile ya zamani kutoka jina la Zuberi kuja jina lake wanataka Zuberi awepo, kwaiyo kasajili mpya kwa vidole vyake, mashine ya yule dada wa laini ndogo kama simu nayo ilikataa kidole cha shahada cha kulia, ma'mkubwa bila kuambiwa akampa cha kushoto. Tukapiga *106# kuhakikisha, ipo laini moja, jina lake kamili.

Fomu ya kikundi imeshapelekwa. Kilichobaki: kadi ikitoka akaichukue, kadi ya kura irekebishwe wakitangaza tena uboreshaji wa daftari, Zuberi amesema atakuja Idd tumalize ile laini ya zamani. RITA naanza nayo mwezi ujao, na itabidi niombe ya watu wawili kwa mpigo maana mjomba kapiga simu jana anasema na yeye anataka chake, ushahidi anao mwenyewe, uko mstari wa juu.